Usinifiche Habari kwa Ajili ya Presha

Mjukuu wangu Rukia,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Timbwani sote wazima, alhamdulillahi, na mamako amerudia biashara yake ya mahamri.

Umemuuliza kwa siri kama mimi, mwenye presha, naweza kuambiwa habari yako. Wallahi mamako hana kifua; alikuja kuniuliza papo hapo.

Nilipokuwa msichana, shangazi yangu Zuhura alipimwa akaonekana ana presha. Nyumba nzima ikawa yanong'ona: msiba usimfikie, ugomvi usimfikie. Lakini ng'onda, samaki wake mkavu wa chumvi, tulimpikia kila siku, na dawa alimeza kichwa kikimuuma tu. Siku moja mkono ukamlegea, ulimi ukawa mzito. Alipopata nafuu akatucheka: "Habari mmenificha, ng'onda mkanipa!"

Tangu hapo alimeza dawa kila siku, hata asipoumwa na kitu. Mkono ule ule ndio ulionipaka hina ya harusi.

Nami leo nimeshameza yangu, na samaki wangu namtia ndimu badala ya chumvi. Haya, niambie mwenyewe: huyo mchumba ni mtoto wa nani?

Bibi yako,
Mwanaidi