Chumba cha Mizani

Na tena, Mama, hii si stoo. Ujumbe wako uliokuja kwa simu ya jirani nimeusoma mara nne: "Kama amekutoa kwa nyumba yake, rudi nyumbani." Kabla sijajibu, nikuulize kwanza: goti linaendeleaje? Baba anameza dawa zake? Sisi tu wazima. Mimi nina furaha mpaka naona haya.

Lakini nina hasira na ndugu yako.

Mjomba alifika hapa Kitale Jumanne, akakataa kuketi. Wafula, mume wangu (bado napenda kuliandika neno hilo), alikuwa juu ya paa akifunga mfereji wa bati wa kupeleka maji ya mvua kwenye tangi. Alishuka mbio na vumbi lake kumsalimia. Mjomba akatazama nguzo za mawe zinazoinua sakafu, na vile vibati vya kuzuia panya wasipande, akacheka mpaka majirani wakatoka.

"Si ni stoo hii, bana! Ati binti yetu ameolewa na mahindi!"

Ndiyo, mahindi yalikaa humu miaka mingi. Wafula alikataa kuzichoma mbao zake, akazisugua moja moja. Upepo unapita chini ya sakafu, mchana hatujui joto. Ukuta wa jikoni ni wa matofali ya udongo yasiyochomwa, amepachika chupa za kijani katikati, na asubuhi jua likipita hapo, chai yangu na mikono yake vyote vinakuwa kijani. Mama, mtu huyu sijui nikuelezeje.

Kisha Mjomba akaona chumba cha mizani, ng'ambo ya mparachichi. Zamani walipimia magunia humo. Kina paa lake, mlango wake, na njia yake kutoka barabarani. Akasukuma mlango, umefungwa.

"Nyumba mbili? Miezi miwili tu ya ndoa na kila mtu ana kwake!"

Hakungoja jibu. Hata uji hakunywa. Maneno hayo ndiyo aliyokuletea huko nyumbani Sirisia.

Sasa nikuulize, Mama. Ni nani asiyelala chini ya paa moja na mkwe wake? Ni nani asiyetakiwa hata kukutana naye mlangoni? Ni wewe! Mafundi wenzake walimwambia aukate mparachichi aunganishe nyumba zote mbili. Akawajibu, "Na mama mkwe atajisitiri wapi?" Dirisha amelielekeza mlimani, usije ukamwona akinawa uso. Kitanda amekiinua kidogo ili goti lisikusumbue ukisimama. Na Mjomba, aliyeketi mbele kabisa siku ng'ombe walipoletwa, amesahau desturi ya kwao! Mwambie hivyo mbele ya watu, kama alivyonisema mbele ya watu.

Msalimie Baba. Msalimie shangazi aliyenifunga kitambaa siku ya harusi, na mdogo wangu anayevaa viatu vyangu bila kuniuliza. Mjomba usimsalimie.

Na usitume mtu kunichukua. Nitakuja mwenyewe kabla mwezi huu haujaisha, nikiwa na ufunguo wa chumba cha mizani. Hakuna aliyelala humo bado. Funga nguo zako.

Ni mimi binti yako, mke wa Wafula,
Nasimiyu