Kidole Kimoja cha Bega

Jumatatu, 6 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Watoto hawajambo? Shemeji mgongo umepoa? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila miguu imevimba na moyo umevimba zaidi. Ya moyo nitayafikia.

Leo huku ng'ambo ni sikukuu. Wacheza ngoma ninaosafiri nao kuwashonea wamelala fofofo, mavazi yao nimeshayapiga pasi tangu jana, nikasema nikae chumbani kuhesabu vigae? Nikatoka. Mji mzima umefungwa! Barabara pana, gari hakuna. Ungetandika kitambaa katikati ukakata gauni la harusi, asitokee wa kukupigia honi. Nikamwamkia mwanamke mmoja anayefagia mbele ya hoteli, akanijibu kwa lugha yake, tukacheka, kila mtu akaenda zake. Nilifurahi. Nikasema laiti ungekuwepo, Kifungo wangu, tungetembea tumeshikana mikono kama wehu.

Nikakata kona mbili, nikapotea, nikasema shauri yake, mji si utaisha. Ndipo nikaona duka la nguo. Mlango umefungwa, ila dirishani taa zinawaka na sanamu tatu zimevalishwa blauzi. Unatujua sisi mafundi, hatupiti nguo bila kuisema. Nikasogea niicheke mishono.

Kola ya Mama! Ile iliyokatwa pamoja na mabega, kipande kimoja, ambayo watu hutoka mbali kuja kushonewa kwetu. Sanamu zote tatu. Nilisimama pale mpaka pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo.

Sasa nakuuliza, na usinipigie simu, maana utaanza kulia kabla sijamaliza swali. Niandikie. Karatasi za Mama za kukatia, zile tulizokuwa tukizilaza juu ya kitambaa, ulisema paa la kibanda chetu lilivuja, zikalowa, ukazitupa zikiwa uji. Siku ile nililia kama nimefiwa na Mama mara ya pili, na wewe ndiye uliyenishika. Tangu hapo nakata kwa kukumbuka. Niambie tena, zililowa vipi?

Dada yako


Jumanne, 7 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo. Baba watoto anainuka mwenyewe sasa, anakusalimu sana.

Dada, hivi umesafiri kote huko kwenda kugombana na dirisha? Wateja wetu wanatembea. Mtu kavaa blauzi yetu, fundi wa huko kaiona, kaiiga, basi. Siku hizi watu wanaiga hata kikohozi. Karatasi zililowa, na tundu la paa uliliona kwa macho yako. Kula, pumzika, uje. Cherehani yako naipangusa kila asubuhi, haiguswi na mtu.

Mdogo wako,
Kifungo


Jumatano, 8 Juni

Kifungo,

Salamu zimefika.

Tundu nililiona. Lilikuwa juu ya meza ya pasi, na sanduku la karatasi lilikaa kona ya pili. Nililiacha lipite kwa sababu ni wewe.

Leo nimerudi dirishani, nimezitazama zile blauzi vizuri. Bega la kushoto limeshuka. Zote tatu, upana wa kidole kimoja.

Mama aliangukiwa na gunia utotoni, bega lake la kushoto likabaki chini. Karatasi zake alizikata kwa kujipima mwenyewe, maana hakuwa na wa kumpima. Ndiyo sababu siku ya kwanza alipotukalisha mezani alikamata vidole vyetu, changu na chako, akavilaza juu ya karatasi: "Hapa ongezeni kidole. Wateja hawakuangukiwa na gunia." Hatujawahi kutoa nguo kibandani bila kuongeza kidole hicho. Mtu akiiga nguo yetu atapata mabega sawa. Bega lililoshuka liko mahali pamoja tu duniani, kwenye zile karatasi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelisema neno hili maisha yangu yote nikidhani ni la watu wengine.

Ulimpa nani?

Ni mimi


Jumatano, 15 Juni

Wiki nzima. Naona kwenye simu umesoma ujumbe wangu. Nipo, nasubiri.


Ijumaa, 17 Juni

Dada,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Nilimpa mgeni mmoja wa miwani, mwenye duka la nguo ng'ambo. Alikuja mwaka jana ulipokwenda kumuuguza shangazi, akakaa kibandani siku nne akinitazama ninavyokata. Dada, hakuna aliyewahi kunitazama nikikata. Mteja akiingia ananikuta na mkasi mkononi, ananiuliza, "Fundi yupo?" Nami namjibu, "Fundi katoka, atarudi." Miaka kumi na moja! Hata hao wa kikundi cha ngoma walipokuja kutafuta fundi wa kusafiri nao, ulisimama ukajibu, hukugeuka hata kunitazama.

Yeye aliniita fundi. Akasema atanichukua nikashone kwake, na jina langu litaandikwa ndani ya kola. Nikampa sanduku zima. Tangu aondoke hajajibu ujumbe wangu hata mmoja. Paa nililitoboa mwenyewe, kwa msumari na kisigino cha kiatu. Kumbe hata mahali pa kutoboa nilikosea.

Siombi unisamehe. Ila aliniuliza kama kuna jambo la kujua kabla ya kukata, nikamwambia hakuna. Karatasi nilimpa, Dada. Kidole cha Mama sikumpa.

Mdogo wako


Jumatatu, 20 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeitikia. Shemeji mwambie asiinue kitu kizito.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nakasirika mahali pengine. Ya msumari imenichekesha, nikajichukia. Ya "Fundi katoka" ni kweli. Nilikuwa nakusikia nikiwa nyuma ya pazia na kikombe changu cha chai, nikanyamaza, maana ilikuwa tamu. Hilo kosa ni langu. Lakini uliniona nikilia, ukanipa leso, ukanipapasa mgongo, na ulikuwa unajua. Hapo ndipo panaponiuma. Karatasi ni karatasi.

Juzi niliingia dukani. Ndani ya kola kuna jina, si lako. Wanawake wanajaribu, wanavuta bega la kushoto, wanavua. Muuzaji anabana pini, wapi! Nikafurahi, Mungu anisamehe. Kisha akaingia bibi mmoja na mkongojo, bega lake la kushoto limelala. Akavaa ile blauzi. Ikamkaa kama kapimwa. Alipogeuka kwenye kioo, kwa nyuma nikamwona Mama. Nikalia katikati ya duka la watu mpaka muuzaji akaniletea kiti, na nilipofuta macho nikageuka kukutafuta wewe. Ndivyo nilivyozoea.

Nafika Alhamisi. Usije kunipokea. Ufunguo wa kibanda uache kwa jirani, na usitie mguu pale mpaka nikuite. Ni lini sijui, na mimi sitakudanganya.

Karatasi nitazikata upya kwa kukumbuka, na bega la kushoto nitalishusha vilevile. Mteja akiuliza kama fundi yupo, nitamwambia tuko wawili, mwenzangu katoka. Kama atarudi, sitasema.

Dada yako