Wino wa Dole Gumba

Morogoro, 11 Agosti 1976

Dada Bernadeta,

Shikamoo. Nyanya zako zimefika, mbili tu ndizo zilizopondeka njiani. Mwambie Mama kikohozi changu kimekwisha.

Jumamosi napanda ulingoni na bondia wa Kilosa. Jana tulipimwa wote. Moyo wangu ni mzima, uzito uko sawa. Kisha daktari akaniambia nizibe jicho la kulia, nisome herufi zilizobandikwa ukutani. Hilo la kushoto, tangu zile ngumi za Pasaka, linaona ukungu tu. Nikamjibu kwamba sijui kusoma.

Hakushangaa hata kidogo. Alisema, "Ninyi watu wa milimani bado mko nyuma," akaandika kwamba nafaa kupigana, akanisogezea wino. Nikatia dole gumba mbele ya wenzangu.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwenye kisomo, ukinishika mkono mpaka nikaweza kuandika jina langu. Siku nilipopewa cheti ulisema sitatia dole tena maishani. Wino huo bado ninao kidoleni, sabuni imeshindwa kuutoa.

Kesho asubuhi nitarudi kwa daktari nimwambie kwamba kusoma najua, anipime upya. Huenda ngumi zangu zikaishia hapo. Mama usimwambie kwanza.

Mstari huu wa mwisho nauandika nikiwa nimeziba jicho la kulia. Unijulishe kama unasomeka.

Mdogo wako,
Stefano