Chai ya Mke Mwenzio

Somanga, Ijumaa

Mke wangu mdogo Nusaiba,

Marahaba, maana hata kuniamkia unachelewa huko Dar. Babu yako mzima, na meno mawili yaliyobaki yanatosha kukung'ata. Mbuzi wa jirani yetu Shamte kazaa mapacha, sura zao Shamte mtupu.

Ile hoteli ya watalii inawaka taa mpaka popo wamepoteza saa. Jenereta linanguruma kutwa, linaendesha pampu ya kuvuta maji ya ardhini kujaza bwawa la kuogelea. Tangu hapo bahari imejipenyeza chini kwa chini, kisima chetu kinatoa maji ya chumvi. Mimi nikacheka, nikasema tumepunguziwa safari ya dukani.

Mke mwenzio, bibi yako Mwahija, daktari alimkataza chumvi kwa ile presha yake. Tukaacha kutia chumvi kwenye mboga, tukajisifu. Kumbe alikuwa anainywa kwenye chai, kikombe baada ya kikombe. Juzi kaanguka. Mkono wa kulia haunyanyuki, na jina langu hawezi kulitamka.

Nilikwenda hotelini na dumu. Mlinzi akaniambia, "Mzee wangu, haya ni ya wageni kuogelea."

Ukija, usimletee khanga. Mletee maji.

Mumeo wa meno mawili,
Babu Likwata