Picha ya Harusi ya Dada Zuhura

Alhamisi, baada ya Isha

Leo nitaandika yote, hata yale ninayoyaonea haya.

Dada Zuhura alikwenda Kanada kumtembelea shangazi, akaolewa na raia wa huko. Sasa ameomba ukaazi wa kudumu, na ofisi ya uhamiaji inataka picha ya harusi wakiwa pamoja. Haipo. Baba alitoa idhini kwa simu kutoka hapa Wawi, bwana harusi akafungishwa ndoa msikitini akiwa na wanaume wenzake, na Dada alikuwa nyumbani kwa shangazi na wanawake. Kila picha ina mmoja tu.

Mama anasema wavae tena nguo zao, wapigwe picha. Baba hataki. "Huo utakuwa uongo, Mama Zuhura."

Bibi akacheka. "Basi mimi na marehemu babu yenu hatukuoana, maana hatuna hata moja."

Mimi sikucheka. Wakimnyima, Dada atarudi, mumewe atabaki kule. Wakimpa, atakaa huko moja kwa moja. Nilipomaliza kusali nilinyanyua mikono, nikakosa la kuomba.

Kesho nitamtumia ujumbe, na nataka anijibu hapo hapo: Dada, nikuombee upate, au nikuombee urudi?