Mtani Hapigwi Bure

Kiongoroni, 4 Agosti 2025

Mwanangu Kibwana,

Asalaam aleikum. Mguu wangu unauma kidogo, mengine alhamdulillahi. Wewe je, unakula?

Miaka yote uko jeshini Congo nakuombea dua. Umerudi, hujamaliza hata chai, umempiga Bushiri na kukimbilia boti! Jino limemtoka. Mtani wetu yule, toka enzi za babu zenu. Mtani akijifunika shuka akalala mlangoni, "nimekufa, nilipieni sanda," kazi yako ni kucheka na kumpa chochote. Unalijua hilo tangu utotoni. Kimekupata nini, baba? Mbona sikuelewi?

Mama yako,
Salima


Kibiti, 8 Agosti 2025

Shikamoo mama,

Pole na mguu. Mimi nakula.

Hata mimi sijielewi. Nilipoiona ile shuka nilimwona Hashimu, beki wangu wa hapa Kibiti. Tuliingia jeshini pamoja, na kule Congo nilimfunika vilevile kwa mikono yangu. Bushiri alipoinuka anacheka, wallahi sikujua niko wapi wala nampiga nani.

Golini nako hivyohivyo. Refa akipuliza filimbi, mimi chini, mikono kichwani. Watu wanacheka. Kocha ananipima Jumamosi ya wiki ijayo, tukicheza na Umwe. Daraja la tatu tu hili, mama, nalo linanishinda.

Nyumbani siji tena. Leo Bushiri, kesho nikikupiga wewe je?

Mwanao,
Kibwana


Kiongoroni, 12 Agosti 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mguu usiuulize.

Barua nimeisoma nikairudia, mengine bado yananipita. Filimbi ya mpira na vita wapi na wapi? Ila hilo la kutokuja sikubali! Nimekuzaa mimi. Ukinipiga nitajua mwenyewe la kufanya.

Bushiri nimemweleza habari ya Hashimu. Akasikiliza bila mzaha, na yule hutania hata msikitini. Kisha akasema mtani hapigwi bure, faini ni jogoo, na anakuja kukudai hukohuko uwanjani. Nimemzuia, wapi!

Mama yako,
Salima


Nyamisati, 18 Agosti 2025

Shikamoo mama,

Natumai mguu umepoa. Jumamosi Bushiri alisimama nyuma ya goli langu, pengo wazi, akinitukana mwanzo mwisho. Filimbi ikalia, nikalala. Nikasikia mtu kajibwaga ubavuni mwangu. Bushiri huyo, vumbini, mikono kichwani. "Tunalala mpaka saa ngapi, mtani? Mwenzio nina njaa." Uwanja mzima ukatucheka. Nami nikacheka huku nalia, na sijui nililia nini. Tumefungwa. Kocha bado hajaamua.

Jogoo amekataa kumpokea Kibiti. Anataka alipwe mbele yako, akanivuta mkono hadi hapa. Boti imejaa. Barua nampa jirani yako Sabra atangulie nayo, sisi tunafuata na ya mchana.

Bado naogopa, mama. Ukiniona naja usinikimbilie, wala usiniite kwa nguvu. Kaa palepale ulipo. Acha nikufikie mwenyewe.

Mwanao,
Kibwana