Balozi Amepewa Ng'ombe wa Mama Yako

Kamembe, Rusizi
Tarehe 14 Mei 2025

Mpendwa kaka yangu, Yaya Cassien,

Pokea salamu zetu. Je, baridi ya huko imepungua? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi ni wazima. Mvua imenyesha vizuri na maharage ya Giheke yamekomaa.

Huenda umeona picha za balozi wa nchi hiyo unamoishi, alipokuja kwetu kusherehekea urafiki wa nchi zetu mbili. Yule ng'ombe mweusi mwenye pembe ndefu, aliyesimama kando yake, ni wa mama yako.

Ni mimi niliyemwazima. Ng'ombe aliyeandaliwa na ofisi yetu ya wilaya aliugua, na mkuu wangu akanituma nitafute mwingine mzuri. Nilikwenda kwa mama yako, Maman Vénantie, aliyenipa kitanda chako niliporudi kutoka Bukavu, nikamwahidi kwamba jioni ng'ombe atakuwa zizini. Nilidhani ni wa picha tu. Mgeni atampandisha ng'ombe kwenye ndege?

Kumbe sikujua. Mtunzi wa mashairi ya sifa za ng'ombe alimsifu kwa sauti, balozi akakabidhiwa fimbo ya mchungaji, ishara kwamba ng'ombe ni wake, watu wakapiga makofi. Nilipokwenda kumfungua, Mzee Nshimiyimana, jirani yenu, alinicheka mbele ya wote: "Mutoto ya Bukavu! Ngombe yenye banasifu mbele ya bantu hairudiake nyumbani. Utamunyanganya balozi?"

Sasa ng'ombe yuko Mururu, anatunzwa kwa jina la balozi, na ndama wake wataitwa ndama wa urafiki. Nchi mbili zisizopakana popote zimepatana juu ya maziwa ya mjane mmoja, naye siku hiyo hakupewa hata kiti.

Ningesema kwamba aliazimwa, ningeiaibisha nchi mbele ya mgeni, na kazi ningeipoteza. Niliogopa, nikanyamaza.

Juzi nikatumwa kwake na karatasi inayosema kwamba alimtoa kwa moyo wake wote. Nilimsomea.

"Nikikatala, batakufukuza?" aliuliza.

Nilifungua kidau cha wino. Akachovya kidole kwenye wino, akakibandika kwenye karatasi. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba tu, ukimpigia simu, usimwulize habari za maziwa.

Wasalimie mkeo Reine na watoto. Majirani zetu Mutoni na Papa Bashige wanakukumbuka. Mungu akulinde vyema huko ugenini, kuliko mimi nilivyomlinda mama yako hapa nyumbani.

Wako akupendaye, ingawa kwa aibu,
Cyusa